Virangozi wa Taklamakan

Barabara ya Norr Mälarstrand jijini Stockholm inapita kando ya maji, na jengo namba 66 ndilo alimoishi msafiri na mtafiti Mswidi Sven Hedin miaka yake ya mwisho. Kwenye ngazi za jengo hilo kuna ramani ya plasta ya Asia ya Kati, nchi aliyoizunguka sehemu kubwa ya maisha yake. Alizaliwa jijini humo mwaka 1865, akafia humo mwaka 1952, na kaburi lake liko katika uwanja wa kanisa la Adolf Fredrik. Mikusanyo yake imo katika makumbusho ya Etnografiska, mtaa wa Gärdet. Basi anayetaka kuijua historia ya jangwa la Taklamakan, lililoko magharibi ya mbali ya China, hana budi kupita Stockholm. Akishafika, aulizie na watu wengine: wale waliojua maji yako wapi.

Taklamakan ni jangwa la mchanga lenye ukubwa wa takriban kilomita za mraba 330,000, zaidi ya theluthi ya Tanzania. Milima imelizunguka pande tatu: Tian Shan kaskazini, Pamir magharibi, Kunlun kusini. Theluji ya milima hiyo huyeyuka ikawa mito, na mito inapogusa ukingo wa mchanga ndipo ilipoota miji ya Kashgar, Yarkand, Khotan na Kucha. Misafara ya hariri haikulikata jangwa katikati. Iliambaa na ukingo, mji hadi mji, njia moja kaskazini na nyingine kusini, zikakutana Kashgar.

Walioandika habari za njia hizo walikuwa wageni. Zhang Qian, mjumbe wa mfalme wa China, alianza safari mwaka 138 K.K. na akashikwa mateka na Waxiongnu, wahamaji wa kaskazini, kwa takriban miaka kumi. Mtawa Xuanzang alipita karne ya 7 akielekea India kutafuta vitabu vya Kibudha, akarejea China mwaka 645 kupitia Khotan. Marco Polo naye, karne ya 13, akasimulia sauti za mapepo zinazomwita msafiri kwa jina lake mpaka aiache njia. Dola nazo zilipokezana. Uislamu uliingia kutoka magharibi kuanzia karne ya 10. Watawala wa nasaba ya Qing ya China waliiteka nchi mwaka 1759. Yakub Beg akaitawala Kashgar kuanzia miaka ya 1860 hadi kifo chake mwaka 1877. Na mwaka 1884 Qing wakaifanya jimbo lao, Xinjiang.

Waswidi walifika nchi hiyo mapema kuliko wengi wanavyodhani. Wamisionari wao walianza kazi Kashgar miaka ya 1890. Walifungua hospitali, na mwaka 1912 wakaweka kiwanda cha uchapaji kilichotoa vitabu na kalenda kwa lugha ya wenyeji. Waliondolewa mwaka 1938. Lakini jina lililobaki midomoni mwa watu ni la Hedin.

Tarehe 10 Aprili 1895 Hedin aliondoka Merket, ukingoni magharibi mwa jangwa, na ngamia wanane na watu wanne: Islam Bay, Kasim, Yolchi na mzee Muhammed Shah. Alitaka kulikata jangwa kutoka magharibi hadi mto Khotan. Siku chache baada ya kuliacha ziwa la mwisho, iligundulika kwamba maji yaliyomo kwenye matangi hayafiki hata nusu ya kiasi alichoagiza. Hedin aliwalaumu watu wake. Mimi naona lawama kubwa ni yake, kwa kuwa yeye ndiye aliyeamua kusonga mbele badala ya kurudi. Mei mosi hapakuwa na tone. Hedin alikunywa pombe kali iliyobebwa kwa ajili ya jiko la Primus. Wenzake wakachinja kondoo wanywe damu yake, wakashindwa kuimeza. Muhammed Shah na Yolchi walifia mchangani. Kasim alijikokota pamoja na Hedin usiku baada ya usiku hadi kwenye msitu wa ukingo wa mto, akaanguka hapo. Mto ulikuwa mkavu, ila Hedin akasikia bata akiruka kutoka dimbwini. Alikunywa, kisha akajaza maji katika buti zake na kumpelekea Kasim. Islam Bay aliokolewa na wafanyabiashara waliokuwa wakipita kando ya mto huohuo, njia waliyoizoea.

Miaka mitano baadaye, katika safari nyingine ya Hedin, Ördek, mwenyeji wa nchi ya Lop mashariki mwa jangwa, alirudi nyuma kufuata koleo lililosahauliwa kambini. Dhoruba ikampoteza, akajikuta kwenye magofu yenye mbao zilizonakshiwa. Ugunduzi huo ndio uliofungua njia ya mji wa kale wa Loulan. Hedin alirudi kuchimba mwaka 1901, na maandishi ya huko yakaletwa Stockholm. Mwaka 1934, Ördek akiwa mzee, alimwongoza mwanaakiolojia Mswidi Folke Bergman hadi makaburi ya Xiaohe, yenye maiti zilizokauka za watu wa takriban miaka 4,000 iliyopita.

Msomaji wa pwani yetu anaijua hali hii. Sidi Mubarak Bombay aliongoza misafara ya wageni kina Burton, Speke na Stanley. Jumbe Kimemeta alikuwa na msafiri Mhungaria Teleki mwaka 1888 walipofika ziwa ambalo Teleki alilipa jina la Rudolf, na ambalo Waturkana wa kandokando walikuwa wakilinywa na kulivua siku zote. Kirangozi huonyesha njia, na ramani hubeba jina la mgeni.

Wasomi wa China ndio waliovunja mtindo huo. Mwaka 1927 walimtaka Hedin akubali msafara wa pamoja, wenye wataalamu wa China na sharti kwamba vitakavyochimbuliwa ni mali ya China. Alikubali, na kazi hiyo iliyodumu hadi 1935 ndiyo bora kuliko zote alizosimamia: Bergman peke yake alipata takriban vibao 10,000 vya maandishi ya enzi ya Han kando ya mto Edsen-gol. Ila Hedin huyohuyo alimuunga mkono Hitler hadharani, na doa hilo halifutiki kwa sifa za jangwani.

Tangu wakati huo nchi ile imebadilika. Mwaka 1964 China ililipua bomu lake la kwanza la nyuklia huko Lop Nur, katika nchi ya Lop. Mwaka 1995 barabara ya lami ilikamilika kukata jangwa lenyewe, ikilindwa dhidi ya mchanga kwa vichaka vinavyonyweshwa maji ya visima. Kuanzia 2009 sehemu kubwa ya mitaa ya kale ya Kashgar ilibomolewa na kujengwa upya. Kuanzia 2017 Wauighur, wenyeji wa Xinjiang, na Waislamu wengine wengi walifungiwa katika kambi ambazo serikali ya China inaziita vituo vya mafunzo. Mwaka 2019 idara ya uhamiaji ya Sweden iliamua kwamba Wauighur wa Xinjiang wanaoomba hifadhi watambuliwe kuwa wakimbizi. Hao wametoka katika nchi ya akina Kasim na Ördek, na michoro na picha alizoleta Hedin zinaonyesha miji ambayo wengi wao hawawezi kuirudia. Makabati ya Gärdet yafunguliwe kwao kabla ya mtu mwingine yeyote, wasome majina ya watu waliomo na kuyaandika inavyostahili.