Ibn al-Nafis na Njia ya Damu

Mtoto wako wa sekondari akirudi nyumbani jioni, ndugu msomaji, mwambie akufungulie daftari lake la bayolojia mahali alipochora moyo. Utaona kitu mfano wa nyumba yenye vyumba vinne, viwili juu na viwili chini, iliyogawanywa katikati kwa ukuta wa nyama. Upande mmoja amepaka rangi ya buluu, na wa pili nyekundu. Muulize: damu ya upande huu hupita wapi hata ikafika upande wa pili? Ikiwa alimsikiliza mwalimu wake atakujibu kuwa ukuta ule hauna tundu. Damu hutoka upande wa kulia ikenda mapafuni, huko ikaacha hewa chafu na kuchukua hewa safi, kisha hurudi upande wa kushoto, na hapo ndipo moyo huisukuma mwilini kote. Muulize tena ni nani aliyelijua jambo hili kwanza. Huenda akakutajia William Harvey, tabibu wa Kiingereza, na mwaka 1628. Hakusema uongo, lakini hakuyamaliza maneno.

Tangu karne ya pili ya Miladi matabibu walikuwa wakimfuata Jalinus, yule Myunani ambaye Wazungu humwita Galen. Yeye alifundisha kuwa damu hufanyika katika ini kutokana na chakula, kisha viungo huitumia ikaisha, kama maji yaliyomwagiwa shamba. Na ile inayoingia upande wa kulia wa moyo, alisema, hupenya katika ukuta wa kati kwa vitundu vidogo mno visivyoonekana kwa macho. Ibn Sina, aliyefariki mwaka 1037, aliyaingiza mafundisho haya katika Qanun yake, na Qanun ilisomwa mashariki na magharibi, kwa Waislamu na kwa Wakristo wa Ulaya pia. Basi neno alilolisema Jalinus na akalikubali Ibn Sina, nani angethubutu kulirudisha?

Aliyethubutu ni Alauddin Ali bin Abil-Hazm al-Qurashi, maarufu kwa jina la Ibn al-Nafis. Alizaliwa karibu na Damascus mnamo mwaka 607 Hijria, akasoma utabibu katika hospitali iliyojengwa na Sultani Nuruddin katika mji huo, kisha akahamia Misri. Alipokuwa kijana wa miaka thelathini hivi aliandika sharhu ya zile sehemu za Qanun zinazoeleza viungo vya mwili, na iko nakala yake ya mkono ya mwaka 640 Hijria, yaani 1242. Humo alisema waziwazi kuwa ukuta wa moyo ni nyama nene iliyoshikana, haina tundu la kuonekana wala lisiloonekana. Kwa hiyo haiwezekani damu ipite hapo. Hapana budi iende mapafuni kwa mshipa wake, ichanganyike na hewa, kisha irudi upande wa kushoto kwa mshipa mwingine. Akaongeza kuwa baina ya mishipa hiyo miwili pana njia nyembamba za kuunganisha. Njia hizo hazikuonekana kwa macho ya mtu mpaka mwaka 1661, pale Mtaliana Marcello Malpighi alipolitazama pafu la chura kwa hadubini.

Na wewe unaweza kujionea huo ukuta. Siku ya Idi ya kuchinja chukua moyo wa mbuzi, uoshe, uukate kwa upana wake, kisha uubonyeze ukuta wa kati kwa kidole gumba. Mambo mengine katika kitabu cha mtoto wako yataka maabara, lakini hili lipo jikoni kwako.

Ajabu ni kuwa Ibn al-Nafis mwenyewe aliandika katika dibaji ya kitabu hicho kuwa sharia, na huruma aliyokuwa nayo, zilimzuia asipasue maiti. Wataalamu wa leo wamekhitilafiana: wako wasemao aliwapasua wanyama, na wako wasemao aliyafikia haya kwa kufikiri tu.

Wala usidhani mtu huyu aliitupa dini akashika utabibu. Alikuwa faqihi wa madhehebu ya Imamu Shafi, ndiyo yafuatwayo na wengi wetu katika mwambao huu. Alisomesha fiqhi katika madrasa ya Masruriyya mjini Cairo, na Subki amemtaja katika kitabu chake cha tabaka za wanavyuoni wa Kishafi.

Hapa huenda mzee mmoja barazani akakukata kauli, akakwambia: "Na Imamu Nawawi je?" Ni swali la haki. Nawawi, ambaye Minhaji yake yasomeshwa katika darasa zetu, aliishi zama hizo hizo na katika mji huo huo wa Damascus. Imepokewa kwamba alipata fikira ya kusoma utabibu, akainunua hiyo Qanun, na moyo wake ukaingia kiza siku kadhaa, asiweze kufanya kazi yoyote, mpaka alipoiuza. Habari hii ni mashuhuri. Lakini mzee huyo na aendelee kusoma, kwani Nawawi yuyo huyo, katika dibaji ya Majmuu, ameuhesabu utabibu na hesabu kuwa ni faradhi ya kutosheleza, kama alivyosema Ghazali kabla yake. Basi alilojiepusha nalo nafsi yake hakuwaondolea watu wa mji. Mimi naona waliokihifadhi kile kisa wakaiacha ile hukumu wamewapunja watoto wao.

Lakini na sisi tusizidishe. Wako wasemaji wetu wanaopenda kutwambia kuwa Harvey aliiba kwa Ibn al-Nafis, na kwa hilo hawana ushahidi. Ibn al-Nafis aliijua safari ya damu kutoka moyoni hadi mapafuni na kurudi. Kwamba damu hiyo hiyo huuzunguka mwili mzima ikarejea moyoni, hilo ni la Harvey, naye alilifikia kwa hesabu: alikisia damu itokayo kwa kila pigo la moyo, akaizidisha kwa idadi ya mapigo, akaona ni nyingi mno kwa chakula kuifanya upya kila saa. Kabla yake, huko Ulaya, njia ya mapafu ilitajwa na Servetus mwaka 1553, na Colombo mwaka 1559. Je, hao waliipata kwa Waarabu? Andrea Alpago, tabibu wa Kitaliana, alikaa Damascus kiasi cha miaka thelathini akitafsiri vitabu, na kipande cha kazi ya Ibn al-Nafis kilipigwa chapa Venice mwaka 1547. Wataalamu wangali wakibishana kama habari ya mapafu ilivuka bahari kwa njia hiyo.

Linaloniuma mimi ni jingine. Ibn al-Nafis aliandika pia Mujaz, mukhtasari wa Qanun, nao ukapendwa, ukasomeshwa na kuandikiwa sharhu juu ya sharhu. Mukhtasari huo hauna habari za umbo la viungo. Kile kitabu chenye habari ya moyo kikabaki rafuni, wachache tu wakakifungua. Mwaka 1924 tabibu wa Kimisri, Muhyiddin al-Tatawi, akiandika risala yake ya udaktari katika Chuo Kikuu cha Freiburg, Ujerumani, aliikuta nakala ya mkono katika maktaba ya Berlin. Kuanzia hapo ndipo dunia ikaanza kusikia. Hakuna aliyetunyang'anya kitabu hicho. Lugha yake ni Kiarabu, na wasomi wa Kiarabu hawakukatika siku hata moja.

Wanahistoria wamesimulia kuwa siku moja alikuwa hamamu akioga, akatoka katikati ya kuoga, akaagiza wino na karatasi, akaandika risala nzima juu ya mapigo ya mshipa, kisha akarudi ndani kumaliza kuoga. Alipougua ugonjwa wa mwisho, mwaka 687 Hijria (1288), matabibu wenzake walimshauri anywe mvinyo kidogo kuwa ni dawa, akakataa kukutana na Mola wake hali pana kitu hicho tumboni mwake. Nyumba yake na vitabu vyake aliviacha wakfu kwa hospitali ya Mansuri ya Cairo, iliyojengwa na Sultani Qalawun miaka minne nyuma.