Kilidia: Herufi zinasomeka, maana ndiyo kazi

Kuna lugha ambayo wataalamu wanaweza kuisoma kwa sauti, lakini sentensi nyingi hawajui zinasema nini. Ni Kilidia, lugha iliyozungumzwa magharibi mwa Uturuki ya leo, nyumbani kwa Croesus, yule mfalme tajiri aliyeangushwa na Waajemi karne ya 6 KK.

Herufi zake 26 ni ndugu wa zile za Kigiriki, ndiyo maana zinasomeka. Shida ni kwamba maandishi yaliyobaki yanazidi kidogo tu 100, na mengi ni mafupi.

Ufunguo ulitoka kaburini

Mwaka 1912, wachimbaji wa Kimarekani walipata jiwe la kaburi huko Sardis, uliokuwa mji mkuu. Limeandikwa lugha mbili: Kilidia na Kiaramu. Kiaramu kinaeleweka vizuri, hivyo Mjerumani Enno Littmann aliyalinganisha na kuchapisha matokeo mwaka 1916.

Jiwe linamlaani atakayeharibu kaburi: mungu wa kike Artemis atamtawanyia kila alicho nacho. Orodha ya vitu hivyo ndiyo iliyofichua maneno:

- aara: ua
- bira: nyumba
- kofu: maji
- qira: mali

Hata "na" ilipatikana. Ni k inayobandikwa mwishoni mwa neno.

Na neno lisilo kwenye jiwe hilo?

Hapo kuna njia mbili. Kwanza, unaangalia linatokea wapi na linakaa na maneno gani. Pili, unalilinganisha na lugha za ukoo mmoja, kama Kihiti na Kiluvi.

Njia ya pili ndiyo huleta ubishi. Sarafu za kale za Lidia zenye kichwa cha simba zina neno WALWET. Wapo wanaosema ni jina la mfalme Alyattes, baba wa Croesus. Wengine wanalihusisha na neno la Kiluvi *walwa*, yaani simba.

Si ubishi mdogo. Sarafu hizi ni kati ya za kwanza duniani, na kama hilo ni jina la mfalme, basi tunajua zilitengenezwa enzi za nani.

Tatizo ni kwamba neno limesimama peke yake. Fikiria umeokota sarafu imeandikwa "paa" tu. Ni mnyama, ni sehemu ya nyumba, au ni kuruka juu? Bila sentensi, huwezi kuapa.

Ndiyo maana kamusi za Kilidia bado zina alama nyingi za kuuliza.