Karne ya Kutafuta Uso Usioishtua Damu

Mwaka 1943, Uholanzi ikiwa mikononi mwa majeshi ya Ujerumani, daktari Willem Kolff wa mji wa Kampen alichukua bomba la selofeni, lile lililotumika kutengenezea soseji, akalizungusha kwenye pipa la mbao na kulizamisha nusu katika maji ya chumvi. Damu ya mgonjwa ilipita ndani ya bomba hilo ikachujwa sumu. Wagonjwa wa mwanzo karibu wote walikufa. Mwaka 1945 mwanamke wa miaka 67, aliyekuwa amepoteza fahamu, akazinduka. Figo bandia ilikuwa imezaliwa, lakini ilizaliwa na adui yake: damu ikigusa kitu kisicho mshipa, huganda.

Adui huyo alizuiwa kwa dawa. Heparini, iliyoanzia kwenye maabara ya Johns Hopkins mwaka 1916 katika kazi ya mwanafunzi Jay McLean, ndiyo iliyomwezesha Kolff kuzungusha damu nje ya mwili. Ndiyo pia iliyomwezesha John Gibbon, huko Philadelphia mwaka 1953, kufungua moyo wa binti wa miaka 18 huku mashine ikifanya kazi ya moyo na mapafu. Lakini dawa hiyo haichagui. Inazuia damu kuganda kwenye mashine na inaizuia vilevile mahali inapotakiwa kuganda, hivyo aliyenusurika na bonge la damu angeweza kufa kwa kuvuja damu.

Ndipo mabingwa wakageukia vifaa, wakitafuta kimoja ambacho damu isingekijali. Seattle, mwaka 1960, Belding Scribner alitumia mirija ya Teflon, plastiki isiyonata, ili mgonjwa wa figo aweze kuunganishwa na mashine mara kwa mara. Wengine walijaribu silikoni, kaboni na poliyurethani. Moyo bandia Jarvik-7, uliopandikizwa Utah mwaka 1982, ulimweka hai mgonjwa wake wa kwanza kwa siku 112, na baadhi ya waliofuata wakapatwa na kiharusi kutokana na mabonge ya damu.

Kwa nini hata plastiki laini kiasi hicho ilishindwa? Kwa sababu damu haisubiri kuonana na plastiki yenyewe. Katika sekunde chache protini za damu hujibandika juu yake na kubadilika umbo. Leo Vroman, Mholanzi aliyefanya utafiti Marekani na ambaye pia alikuwa mshairi mashuhuri, alionyesha kwamba protini hizo hupokezana nafasi: zinazotangulia husukumwa na zinazofuata. Zikishaharibika umbo, chembe sahani huziona kama alama ya jeraha, hujikusanya, na bonge huanza kujengeka. Kumbe kazi haikuwa kuzuia bonge bali kuzuia protini isijibandike.

Jibu lilitoka kwa watu waliokuwa wakishughulikia jambo jingine kabisa. Mwaka 1925, mjini Leiden, watafiti Gorter na Grendel waliyatoa mafuta ya chembe nyekundu za damu, wakayatandaza juu ya maji na kupima eneo lake. Lilikuwa maradufu ya eneo la chembe zenyewe. Wakahitimisha kwamba utando wa seli una tabaka mbili. Baadaye ikabainika kwamba tabaka hizo hazifanani, na mwaka 1977 Robert Zwaal na wenzake wakaonyesha maana yake: mafuta ya upande wa ndani huharakisha kuganda, lakini yale ya upande wa nje, yenye kichwa kiitwacho fosforilkolini, hayaichokozi damu. Huo ndio uso ambao chembe za damu huonyeshana kila sekunde.

Wazo la kuuiga uso huo lilichipuka sehemu mbili. London, Dennis Chapman alipaka fosforilkolini kwenye vifaa. Tokyo, Nobuo Nakabayashi, bingwa wa vifaa vya meno, alikuwa ameshakiunganisha kichwa hicho na kiungo cha jamii ya akriliki, kikaitwa MPC, lakini kilichopatikana kilikuwa kidogo na si safi. Kazuhiko Ishihara alipojiunga naye mwaka 1987, alipata njia ya kukitoa kikiwa unga safi. Polima ya MPC peke yake huyeyuka majini, kwa hiyo aliichanganya na kiungo kinachokataa maji ili ishike kwenye plastiki. Chembe sahani hazikuing'ang'ania.

Siri yake ipo kwenye maji. Kichwa cha fosforilkolini kina chaji chanya na hasi pamoja, kwa hiyo hakiyabani maji yanayokizunguka. Ndiyo maana protini hugusa na kuondoka na umbo lake, kama mgeni apitaye barazani bila kuketi.

Kutoka maabara, MPC na jamaa zake zimeingia kwenye lenzi za machoni, kwenye stenti za Endeavor, vijibomba vya kupanua mishipa ya moyo vinavyotoa dawa, zilizoidhinishwa Marekani mwaka 2008, kwenye pampu ya moyo ya Kijapani EVAHEART, na kwenye nyonga bandia, ambako tabaka la takriban nanomita 100 hupunguza msuguano. Si kila jaribio lilifaulu sawa: Endeavor ilitoa dawa yake upesi mno, na stenti iliyoirithi ikatumia polima nyingine.

Hata hivyo mgonjwa mwenye pampu ya moyo bado anameza dawa ya kuzuia damu kuganda. Ukuta wa mshipa ulio hai hauishii kunyamaza. Hutoa nitriki oksidi na prostasiklini za kuzituliza chembe sahani, na hujirekebisha ukichubuka, mambo ambayo polima haiyawezi. Uso wa seli umeigwa. Kazi ya seli haijaigwa, na ndiyo maana wanaotengeneza vifaa sasa wanachanganya uso huo na vitu vinavyotoa dawa polepole, wakirudi kwa heparini waliyoanza nayo, safari hii ikiwa imefungwa kwenye kifaa badala ya kumwagwa katika mwili mzima.