Kidonge cha Bibi, Miguu ya Mjukuu

(Muziki wa kufungulia, kisha unashuka taratibu)

MTANGAZAJI: Leo tunasimulia historia ya dawa ya kuondoa maji mwilini, ile inayomfanya mtu akojoe sana. Inawasaidia wengi, lakini ikipewa mtu asiyestahili inaweza kumuua.

Tuanzie Juba, mtaa wa Hai Mauna. Tuchukue mfano wa nyumba moja yenye bibi na mjukuu. Bibi ana ugonjwa wa moyo. Daktari amempa furosemaidi, ambayo wengi wanaijua kwa jina la Lasix, na miguu yake iliyokuwa imevimba sasa imenywea. Siku moja mjukuu wa miaka miwili naye anavimba miguu. Jirani, kwa nia njema, anasema: "Vunja kidonge cha bibi yake, mpe nusu."

Je, apewe? Shika swali hilo, tutalirudia.

Uvimbe wa maji ni tatizo la kale. Mwaka 1775 daktari Mwingereza, William Withering, aliombwa maoni kuhusu dawa ya siri ya mama mmoja mzee wa Shropshire, aliyetibu uvimbe kwa mchanganyiko wa mimea zaidi ya 20. Daktari aligundua kwamba nguvu yote ilikuwa katika mmea mmoja tu, dijitalisi, nao una sumu. Aliuchunguza kwa miaka 10. Kitabu alichotoa mwaka 1785 kilieleza wagonjwa waliopona na pia wale ambao dawa haikuwafaa, na kilionya sana juu ya kipimo. Ikizidi kidogo, dawa hiyo huwa sumu.

Mwaka 1919, mjini Vienna, mwanafunzi wa udaktari Alfred Vogl aliona jambo la ajabu. Mgonjwa wa kaswende aliyechomwa sindano ya zebaki alianza kukojoa kupita kiasi. Tangu hapo, kwa miaka mingi, wagonjwa wa moyo walichomwa sindano za zebaki ili watoe maji, ingawa zebaki yenyewe inaweza kuharibu figo.

Nafuu ilikuja na vidonge. Mwaka 1958 klorothiazaidi ilianza kutumika Marekani, na katika miaka ya 1960 ikaja furosemaidi kutoka Ujerumani. Vidonge hivi huzifanya figo zitoe chumvi, na chumvi ikitoka, maji huifuata. Leo furosemaidi imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani, WHO.

(Muziki mfupi)

Sasa twende Kampala, Hospitali ya Mulago. Mwaka 1948 mtaalamu wa maiti na magonjwa, J.N.P. Davies, alieleza ugonjwa wa moyo aliouona Uganda. Ngozi ya ndani ya moyo hufanya kovu na kukakamaa, damu haiingii vizuri, na tumbo hujaa maji. Wagonjwa wa namna hiyo hupata nafuu kwa dawa ya kuondoa maji.

Lakini katika hospitali hiyohiyo kulikuwa na uvimbe mwingine. Watoto wadogo walivimba miguu na nyuso, nywele zikabadilika rangi, ngozi ikabanduka. Daktari Cicely Williams alikuwa ameueleza ugonjwa huo huko Gold Coast, Ghana ya leo, na mwaka 1935 akaandika jina lake la kienyeji: kwashiorkor. Mwaka 1954 Davies na wenzake, Hugh Trowell na R.F.A. Dean, walitoa kitabu kizima juu yake. Chanzo chake hakikuwa moyo. Watoto hao walikuwa na utapiamlo.

Hapo ndipo penye jibu la swali letu. Bibi na mjukuu wamevimba miguu, lakini maradhi yao ni mawili tofauti. Mtoto mwenye utapiamlo ana maji chini ya ngozi, lakini damu yake inaweza kuwa na upungufu wa maji, na mwili wake hauna madini ya potasiamu ya kutosha. Kidonge cha bibi kitampunguzia vyote viwili, na moyo unaweza kusimama. Ndiyo maana mwongozo wa WHO unakataza kabisa kutibu uvimbe wa utapiamlo kwa dawa hii. Mtoto hutibiwa kwa maziwa maalumu na chakula cha tiba, na uvimbe hushuka wenyewe.

Kwa hiyo, mzazi, bonyeza kwa dole gumba juu ya nyayo zote mbili za mtoto kwa sekunde tatu. Shimo likibaki pande zote mbili, mpeleke kituo cha afya leo.

Nawe bibi au babu uliyeandikiwa dawa hii, imeze asubuhi ili usiamke usiku kucha kwenda chooni. Inuka polepole, usije ukaona kizunguzungu. Punguza chumvi. Ukiharisha au kutapika, ukiishiwa nguvu, ukikazwa misuli au moyo ukienda mbio, muone muuguzi mapema. Usinunue dawa za maumivu kama ibuprofen bila kuuliza. Usiongeze vidonge wala kuviacha kwa uamuzi wako.

Na mama mjamzito aliyevimba uso na mikono, anaumwa kichwa au haoni vizuri, aende hospitali mara moja. Kidonge hiki si chake.

Jirani wa Hai Mauna alikuwa na huruma. Huruma hiyo imbebe mtoto hadi kliniki, na vidonge vya bibi vibaki kuwa vya bibi.

Mwambie na jirani yako.

(Muziki wa kufungia)