Kahawa ya Kihamba na Sheria za Ulaya

Kahawa iliyopandwa Kilema na Wamisionari wa Roho Mtakatifu mwishoni mwa karne ya 19, na iliyowaunganisha wakulima katika KNCU mwaka 1933, leo inadaiwa maelezo mapya na Umoja wa Ulaya.

Sheria ya mwaka 2023, ambayo utekelezaji wake umeahirishwa, inataka kahawa isitoke katika ardhi iliyofyekwa msitu baada ya tarehe 31 Desemba 2020, na mahali pa kila shamba pajulikane. Kwa shamba lisilozidi hekta 4, ndivyo vilivyo vihamba vyetu, nukta moja ya ramani yatosha. Mkulima asitozwe upimaji wa mipaka kwa kisingizio cha sheria hiyo.

Sheria mbili nyingine huchanganywa mara nyingi. Ile ya 2022 inazidai kampuni kubwa taarifa ya mwaka kuhusu athari zake kwa watu na mazingira. Ile ya 2024 inazidai kuwachunguza wauzaji wao, kuzuia madhara na kuyarekebisha. Zinakutana katika taarifa tu: kampuni inayotoa ile ya kwanza haidaiwi ya pili. Wajibu wa kutenda unabaki palepale, kama vile maungamo yasivyomwondolea mtu malipizi.

Kwa kuwa taarifa za kihamba kimoja zaweza kutumika kotekote, twaona inafaa chama cha msingi kizikusanye mara moja na kubaki na nakala. Kisha kimwulize mnunuzi kuhusu bei, maana sheria ya 2024 inataja kipato cha kutosha cha mkulima mdogo miongoni mwa haki zinazopaswa kulindwa.