Kinga Inaposhushwa kwa Makusudi

UKIMWI ni kifupi cha Upungufu wa Kinga Mwilini, na kwa miaka mingi Watanzania wamefundishwa redioni, shuleni na zahanatini kwamba kinga ikipungua, mtu yuko hatarini. Sasa mgonjwa anarudi Tukuyu, wilayani Rungwe, kutoka hospitali kubwa, figo ya ndugu yake iko tumboni mwake, mfuko wa vidonge uko mkononi, na maelezo aliyopewa ni kwamba vidonge hivyo kazi yake ni kushusha kinga. Si ajabu watu wa nyumbani wakatazamana.

Mgonjwa wa namna hiyo bado ni mgeni nchini. Hospitali ya Taifa Muhimbili ilipandikiza figo kwa mara ya kwanza Novemba 2017, wataalamu wake wakishirikiana na wenzao wa India. Miezi michache baadaye, Machi 2018, Hospitali ya Benjamin Mkapa ya Dodoma nayo ilianza, ikisaidiwa na madaktari wa Tokushukai kutoka Japani. Kabla ya hapo safari ilikuwa ya ndege kwenda India, na lugha ya dawa ilibaki kwenye karatasi za Kiingereza. Leo mtu anaweza kupandikizwa figo nchini mwake na kurudi Rungwe kwa basi, kilomita zaidi ya 800 kutoka Dar es Salaam. Akiugua kikohozi atakwenda hospitali ya Makandana au ya Igogwe, au duka la dawa la jirani, na huko atahitaji maneno ya Kiswahili ya kueleza anameza nini na kwa nini.

Neno la upasuaji wenyewe halina shida. Kupandikiza ni kazi ya kila mkulima wa Rungwe, na anayelima maparachichi ya Hass anajua pia kubebesha: kikonyo cha mti mmoja hufungwa juu ya shina la mwingine mpaka vishikane. Tofauti ni kwamba mparachichi hauna chembe nyeupe za damu zinazozunguka mwilini zikimkagua kila mgeni. Binadamu anazo. Wanaosema “kubadilishiwa figo” ndio wanaopotosha kidogo, maana figo za zamani kwa kawaida huachwa palepale zilipo, na ile mpya hulazwa chini ya tumbo, karibu na kinena. Hapo ndipo mgonjwa anapopaswa kuwa macho akisikia maumivu.

Kwamba tatizo ni kinga, si kisu, kulidhihirika Boston tarehe 23 Desemba 1954, Joseph Murray na wenzake walipohamisha figo ya Ronald Herrick kwenda kwa pacha wake Richard. Mapacha hao walifanana kabisa, hivyo mwili wa Richard haukumwona mgeni, naye akaishi miaka minane zaidi bila dawa ya kushusha kinga. Wasio na pacha walilazimika kusubiri. Ilikuja azathioprini mwanzoni mwa miaka ya 1960, kisha siklosporini, iliyotokana na kuvu wa kwenye udongo wa nyanda za juu za Norwei na kuidhinishwa Marekani mwaka 1983. Mwaka uliofuata, watafiti wa Japani wakapata takrolimasi kutoka kwa bakteria wa udongo wa Tsukuba. Dawa nyingine ya jamii hiyo ilichimbuliwa katika udongo wa Kisiwa cha Pasaka, kule kusini-mashariki mwa Pasifiki. Watu wa Rungwe, wanaojivunia udongo wao wa volkano, wana haki ya kuuliza kama wa kwao umewahi kupelekwa maabara.

Dawa hizi kwa pamoja tuziiteje?

Yapo majina kadhaa yanayotembea. “Vikandamiza kinga” linafuata asili ya Kilatini ya jina la kitaalamu kwa uaminifu, lakini kukandamiza kwa Kiswahili cha leo ni jambo la dola na raia wake, na hakuna mgonjwa anayetaka kumeza mkandamizaji asubuhi na jioni. “Vizuia kinga” linazidisha, kwani kinga haizuiwi yote. Ikizuiwa yote mgonjwa hatadumu. “Dawa za kulinda figo” linapendeza na lina ukweli ndani yake, ila linaficha nusu ya habari. Anayeamini analinda figo tu hataona sababu ya kukimbilia hospitali kwa homa ya siku moja, na homa hiyo kwake yeye ni dharura. (Kinga peke yake nayo ina vituko vyake: mkoani Mbeya wapo watakaodhani unawazungumzia Wakinga, majirani zao wa Makete.)

Jina linalofaa zaidi ni “dawa za kushusha kinga”, na sababu iko katika kitenzi. Watu wamekwisha kuzoea dawa za kushusha presha na za kushusha sukari. Wanajua kwamba kinachoshushwa hakifutwi, kwamba kuna kipimo, na kwamba kikishuka kupita kiasi ni hatari vilevile. Kitenzi hicho pia kinaitenga dawa na UKIMWI: upungufu humtokea mtu, kushusha hufanywa na mtu kwa makusudi na kwa kiasi. Kasoro yake ni moja, nayo ni kubwa. Wapo wanaoacha dawa ya presha mara presha inapotulia. Mwenye figo ya kupandikizwa akifuata desturi hiyo, mwili utaikataa figo, na mara nyingi ataikosa kabla hajajua kwamba inakataliwa, kwa sababu kreatinini, taka inayochujwa na figo, hupanda kwenye damu siku nyingi kabla ya miguu kuvimba au mkojo kupungua. Anapojisikia mzima ndipo dawa inapofanya kazi. Haiachwi, haipunguzwi na haibadilishwi aina ila kwa amri ya daktari wa upandikizaji.

Maneno mengine yanayohitaji kuangaliwa ni yale ya bahasha ya dawa. “Kutwa mara mbili” kila mtu analijua, lakini kutwa ni mchana, jua linapochomoza hadi linapokuchwa. Ndiyo maana tunasema kutwa kucha tukitaka kutaja na usiku. Kwa panadoli haidhuru. Takrolimasi ya kawaida inatakiwa kila baada ya saa 12, na hapa saa ya Kiswahili inarahisisha mambo: saa 2 asubuhi, saa 2 usiku, namba ile ile. Ipo pia takrolimasi inayoachiliwa polepole, ya mara moja kwa siku. Moja si mbadala wa nyingine hata kama jina kwenye boksi linafanana.

Chakula cha Rungwe kinaingia katika hesabu hii. Mlo wenye mafuta mengi hupunguza takrolimasi inayofyonzwa, na parachichi ni mafuta. Halikatazwi, ila lisiliwe pamoja na kidonge. Dawa imezwe saa moja kabla ya kula au saa mbili hadi tatu baadaye, kwa utaratibu ule ule kila siku. Balungi na juisi yake ndiyo marufuku hasa. Tunda hilo hulemaza kimeng'enya cha utumbo kinachoivunja dawa, kiasi cha dawa kikapanda kwenye damu, mikono ikaanza kutetemeka na figo yenyewe ikadhurika. Maziwa, ambayo wilaya hii inayo tele, yachemshwe kabisa, na mtindi wa maziwa mabichi uachwe: brusela na kifua kikuu cha ng'ombe humwona mtu wa kinga ndogo haraka.

Duka la dawa lina mitego yake. Diklofenaki na ibuprofeni, zinazonunuliwa kwa maumivu ya mgongo baada ya kulima, huumiza figo, na zaidi zikikutana na takrolimasi. Flukonazoli ya fangasi na erithromaisini huipandisha dawa. Rifampisini ya kifua kikuu huishusha vibaya sana, hata figo ikakataliwa. Kifua kikuu ni lazima kitibiwe, lakini dozi zipangwe na madaktari wa pande zote mbili. Chanjo hai, kama ile ya homa ya manjano, hazifai. Mwanamke anayetumia maikofenoleti, dawa nyingine ya kushusha kinga, aonane na daktari kabla ya kubeba mimba, kwani dawa hiyo huharibu kijusi. Mitishamba nayo itajwe kliniki bila aibu.

Liko kosa moja linaloharibu safari nzima ya kliniki. Damu ya kupima kiasi cha takrolimasi hutolewa kabla ya dozi ya asubuhi, saa 12 baada ya ile ya usiku, wakati dawa iko chini kabisa. Aliyepanda basi Tukuyu alfajiri akameza kidonge chake njiani, Uyole, atapata jibu la juu lisilo la kweli, na daktari akiliamini atampunguzia dozi. Kidonge hicho kisafiri mfukoni na kimezwe mara tu damu ikishatolewa.