KIM-1 na Kurasa za Mwisho za Mwongozo Wake

Katika maandiko mengi yanayosimulia chimbuko la kompyuta ya nyumbani, bodi za mafunzo za miaka ya 1970 hupewa aya moja kisha huachwa. Hudaiwa kwamba bodi hizo, yaani saketi tupu zisizo na kasha, zenye kichakataji cha biti nane, vitufe vichache na tarakimu kadhaa za taa nyekundu, zilikuwa ngazi tu ya kupandia kuelekea mashine kamili zilizoanza kuuzwa mwaka 1977, na kwamba wanaozikarabati na kuziunda upya leo wanajiliwaza kwa kumbukumbu za ujana. Dai hilo lina chembe ya ukweli, lakini husimama pale tu ambapo mwandishi ameitazama bodi bila kuvifungua vitabu vilivyouzwa pamoja nayo. Makala haya yanaegemea chanzo kimoja ambacho wanahistoria wamezoea kukipita: orodha ya maagizo iliyochapishwa kwenye viambatisho vya mwongozo wa bodi ya KIM-1, ambayo ilimkabidhi mnunuzi, neno kwa neno, programu yote iliyokuwa ikiiendesha mashine aliyoinunua.

Usuli wa jumla unafahamika vya kutosha. Kompyuta ya Altair 8800, iliyotumia kichakataji cha Intel 8080, ilitokea kwenye jalada la jarida la Popular Electronics la Januari 1975 na kuthibitisha kwamba watu binafsi walikuwa tayari kununua kompyuta zao wenyewe. Mwaka huohuo kundi la wahandisi waliokuwa wameihama Motorola wakiongozwa na Chuck Peddle lilikamilisha kichakataji cha 6502 katika kampuni ya MOS Technology ya Pennsylvania, na mwezi Septemba kikauzwa San Francisco kwa dola 25, bei ambayo ilionekana kama kosa la uchapaji kwa waliozoea kutozwa mamia ya dola kwa chipu za aina hiyo. Kesi iliyofunguliwa na Motorola kuhusu 6501, chipu ndugu iliyoweza kuchomekwa kwenye soketi ya 6800, kichakataji cha Motorola yenyewe, imeandikwa sana na haina haja ya kurudiwa hapa.

Chipu mpya, hata iwe rahisi namna gani, haiuziki kwa mhandisi asiyeweza kuijaribu, na hiyo ndiyo sababu MOS Technology ilitoa KIM-1 mwaka 1976. Bodi hiyo iliuzwa kwa dola 245 ikiwa imeshalehemiwa na kukaguliwa, jambo ambalo lilikuwa nadra wakati ambapo mnunuzi alitarajiwa kupokea mfuko wa vipuri. Ilikuwa na kichakataji cha 6502 kilichotembea kwa kasi ya megahezi 1, kumbukumbu ya muda ya baiti 1,152, vitufe 23, swichi ndogo ya kuiendesha programu agizo moja baada ya jingine, na tarakimu sita za taa, nne zikionyesha anwani ya kumbukumbu na mbili zikionyesha kilichomo katika anwani hiyo. Maandishi yote hayo yalikuwa katika mfumo wa heksadesimali, yaani hesabu ya msingi wa kumi na sita ambamo herufi A hadi F huchukua nafasi ya kumi hadi kumi na tano. Chanzo cha umeme hakikuwamo. Mnunuzi alijitafutia volti 5 za kuendeshea saketi yote na volti 12 kwa ajili ya kinasa sauti cha kaseti.

Kilichofanya vitu hivyo vifanye kazi pamoja ni programu msimamizi, yaani programu fupi iliyochongwa kiwandani ndani ya kumbukumbu ya kudumu ya baiti 2,048, ambayo kazi yake ni kusoma vitufe, kuwasha tarakimu, kuhifadhi programu kwenye kaseti na kuzirejesha. Orodha yake nzima ilichapishwa katika mwongozo, kila agizo likiwa na anwani yake, thamani yake ya heksadesimali na maelezo mafupi ya kilichokusudiwa. Mtu aliyeisoma aligundua mambo ambayo bodi yenyewe haikuyaonyesha. Aliona, kwa mfano, kwamba tarakimu sita hazikuwa zikiwaka kwa pamoja hata kidogo, bali programu ilikuwa ikiiwasha moja baada ya nyingine kwa kasi iliyolizidi jicho, na ndiyo maana taa zote zilizimika mara tu mtumiaji alipoianzisha programu yake mwenyewe isiyoshughulika na kuziwasha. Aliona pia kwamba sehemu za programu msimamizi zilikuwa zimepangwa kiasi kwamba angeweza kuziita kutoka kwenye programu yake: ile iliyoanzia anwani 1F1F iliwasha tarakimu, ile ya 1F6A ilitambua kitufe kilichobonyezwa. Kwa hiyo mwanafunzi hakufundishwa tu jinsi ya kuitumia mashine, bali alionyeshwa namna wahandisi wenyewe walivyoiandika, pamoja na njia za mkato walizozitumia pale nafasi ilipowabana.

Ushahidi mzito kuliko yote wa matunda ya usomaji huo ni kazi ya Jim Butterfield wa Toronto. KIM-1 ilinasa data kwenye kaseti kwa sauti mbili, moja ya takriban hezi 3,700 na nyingine ya takriban hezi 2,400. Kila biti ilianza na sauti ya juu na kumalizika na ya chini, na tofauti kati ya sifuri na moja ilikuwa ni ipi kati ya sauti hizo mbili imechukua theluthi mbili za muda. Njia hiyo ilivumilia kaseti hafifu na vinasa sauti vilivyokwenda kwa kasi isiyo sawa, lakini ilikuwa ya polepole mno, kwani kuijaza kumbukumbu ya kilobaiti moja kulichukua takriban dakika mbili. Butterfield alitambua kwamba sehemu ya kusoma kaseti haikupima urefu wa biti, bali ililinganisha tu muda wa sauti ya juu na muda wa sauti ya chini. Hivyo basi, biti ikifupishwa huku uwiano huo ukiachwa kama ulivyo, programu msimamizi ingeisoma bila kujua kwamba kuna kilichobadilika. Programu yake iliyojulikana kama Hypertape ilinasa data kwa kasi iliyozidi ya awali mara sita, na kaseti zake zilisomwa na KIM-1 yoyote bila kuongezewa chochote. Wahandisi walioiandika programu msimamizi hawakuwa wametoa ahadi ya uwezo huo. Ulikuwa umelala ndani ya maagizo yao, na uliweza kufikiwa na msomaji aliyeyafuata agizo kwa agizo.

Butterfield, pamoja na Stan Ockers na Eric Rehnke, alikusanya programu za aina hiyo katika kitabu cha The First Book of KIM kilichotoka mwaka 1977, nazo programu hizo zilichapishwa kwa mtindo uleule wa anwani, thamani na maelezo. Mkanada mwingine, Peter Jennings, aliandika Microchess, mchezo wa sataranji uliotosha ndani ya kumbukumbu ile finyu, akaanza kuuuza mwishoni mwa mwaka 1976 kwa dola 10. Mnunuzi alipokea karatasi zenye orodha ya maagizo na kuyaingiza mwenyewe kwa vidole, baiti baada ya baiti. Inafaa kukumbukwa kwamba mapato ya mchezo huo yalisaidia baadaye kuingiza sokoni VisiCalc, programu ya majedwali ya hesabu iliyowashawishi wafanyabiashara kununua kompyuta ndogo, ingawa ukoo huo wa kibiashara si jambo linaloipa KIM-1 thamani yake.

Wanaopinga umuhimu wa bodi hizi wana hoja moja inayostahili kusikilizwa kwa subira, nayo ni kwamba mashine isiyo na lugha ya kiwango cha juu, isiyo na kioo na isiyoweza kuandika herufi zote za alfabeti haikuwa na faida kwa mtu wa kawaida, na kwa hiyo haikuweza kuwa asili ya kompyuta ya watu wote. Hilo ni kweli kwa kiasi kikubwa. Hata Peddle mwenyewe, baada ya kampuni ya Commodore kuinunua MOS Technology mwaka 1976, alielekeza nguvu kwenye PET, kompyuta yenye kioo, kibodi na lugha ya BASIC, iliyoonyeshwa hadharani Januari 1977. Lakini hoja hiyo inajibu swali la soko, ilhali swali linalohusu bodi za mafunzo ni la maarifa: nani aliruhusiwa kujua kinachotendeka ndani ya mashine, na kwa kiwango gani. Katika swali hilo KIM-1 haikuwa hatua ya chini kuelekea PET. Mnunuzi wa PET alipata BASIC iliyotengenezwa na Microsoft ikiwa imefungiwa ndani ya chipu bila orodha yake, na aliyetaka kuijua alilazimika kuichimbua mwenyewe, kazi ambayo Butterfield, kwa stahili, aliendelea kuifanya na kuichapisha kwa miaka mingi.

Udhaifu wa kuzipima bodi kwa kilichozifuata unaonekana zaidi katika simulizi ya Uingereza. Bodi ya MK14, iliyouzwa na kampuni ya Science of Cambridge ya Clive Sinclair kwa pauni 39.95, hutajwa kwa heshima kwa sababu Chris Curry aliyehusika nayo aliondoka akaanzisha Acorn pamoja na Hermann Hauser mwaka 1978, Acorn ikatoa bodi yake ya 6502 iliyobuniwa na Sophie Wilson, na kutoka hapo ukazaliwa mlolongo unaofika hadi kichakataji cha ARM. Yote hayo ni sahihi kama nasaba. Kama tathmini ya MK14 hayafai kitu, kwani yanaipima mashine kwa kitukuu chake na hayasemi lolote kuhusu aliyekaa nayo mezani mwaka 1978 akijaribu kuibana programu yake ndani ya baiti 256.

Historia ya Japani inafundisha zaidi. NEC ilitoa TK-80 mwezi Agosti 1976 kwa yeni 88,500, ikiwa fungu la vipuri vya kulehemiwa na mnunuzi, na kusudi lake lilikuwa sawa na lile la MOS Technology, yaani kuwazoesha wahandisi wa viwandani kichakataji chake kilichooana na 8080. Walioinunua hawakuwa wahandisi hao peke yao. Watu wa kazi mbalimbali na wanafunzi waliifuata Akihabara, mtaa wa maduka ya elektroniki jijini Tokyo, ambako NEC ilifungua kituo cha huduma kiitwacho Bit-INN, na kutokana na wateja hao wasiotarajiwa ndipo kampuni ikaelekea kwenye kompyuta ya PC-8001 ya mwaka 1979. Huko Taiwan, Multitech, ambayo baadaye ilichukua jina la Acer, iliitoa Micro-Professor MPF-I mwaka 1981, bodi ya kichakataji cha Z80 iliyofungwa ndani ya jalada mfano wa kitabu. Nayo iliendelea kutumika madarasani muda mrefu baada ya kompyuta za nyumbani za rika lake kuachwa. Bodi nyingine nyingi, hata hivyo, zilikaa kabatini vyuoni na majumbani kwa miaka mingi.

Zilipotoka tena, tatizo la kwanza la wapenzi wa KIM-1 halikuwa kichakataji wala chipu nane za kumbukumbu, ambazo huharibika lakini hupatikana. Tatizo lilikuwa chipu mbili za 6530, kila moja ikibeba nusu ya programu msimamizi, baiti 64 za kumbukumbu ya muda, kipima muda na milango ya kuingizia na kutolea ishara. Maagizo yalichongwa humo kiwandani, kwa hiyo 6530 iliyotolewa kwenye kiendeshi cha diski cha Commodore haiwezi kuchukua nafasi yake, maana imebeba maagizo ya mashine nyingine. Waundaji wa nakala za kisasa, zikiwamo Micro-KIM na PAL-1, waliepuka kikwazo hicho kwa kutumia 6532, chipu inayofanana nayo lakini isiyo na kumbukumbu ya kudumu, na kuiweka programu msimamizi katika chipu nyingine inayoandikika. Hapa ndipo thamani ya zile kurasa za kiambatisho inapoonekana bila shaka yoyote: hata kama kila 6530 duniani ingekufa, baiti zote 2,048 zimo kwenye karatasi na zinaweza kuandikwa upya.

Wako wakusanyaji wanaoshikilia kwamba nakala ya namna hiyo si KIM-1, na wanaolipa fedha nyingi kwa bodi za mwanzo zenye 6502 iliyokosa agizo la ROR, lile la kuzungusha biti kuelekea kulia. Msimamo huo unahifadhi vitu, na hilo ni jema, ila haufundishi chochote juu ya matumizi yake. Msimamo wa pili unatoka kwa waliounda viigizi, yaani programu zinazoifanya chipu ya kisasa itende kama 6502. KIM Uno, kwa mfano, ni bodi ndogo yenye vitufe na taa inayoendeshwa hivyo kwa gharama nafuu mno. Kiigizi hutekeleza maagizo ya orodha ile kwa uaminifu na kinamtosha anayetaka kujifunza lugha ya mashine. Hakimwezeshi, hata hivyo, kugusa ncha za saketi kwa kifaa cha kupimia na kuona ishara zenyewe, wala kukutana na mambo kama ule waya mfupi unaopaswa kuunganisha ncha A-K na ncha A-1 ya kiunganishi, ambao bila huo bodi halisi haiamki. Nakala ya chipu halisi ndiyo iliyo karibu zaidi na kusudi la wahandisi wa mwaka 1976, kwa sababu humlazimu mtu kuisoma michoro na orodha kwa pamoja.

Uwezekano wa kuendelea kuziunda haulingani kwa kila bodi. Mwezi Aprili 2024 Zilog ilitangaza kwamba ingekoma kupokea oda za Z80 mwezi Juni wa mwaka huo, na wanaounda nakala za Micro-Professor sasa wanategemea akiba na chipu zilizokwisha kutumika. Ukoo wa 6502 bado unatengenezwa na Western Design Center katika toleo la 65C02, lakini toleo hilo si nakala kamili: agizo la kuruka kupitia anwani iliyohifadhiwa kwenye kumbukumbu, kwa mfano, huchukua mipigo sita ya saa badala ya mitano. Anayeitia chipu hiyo katika KIM-1 na kutaka kuzitumia programu za zamani zilizohesabu muda wao kwa mipigo, na kujua ni zipi zitakazochelewa, hana budi kurudi kwenye orodha za maagizo na kuihesabu mipigo hiyo mwenyewe, mstari kwa mstari.